Fedha Ndogo Iliyo Karibu

Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya walimu, watumishi wa Serikali na wananchi, huko Kagunga, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika



Nimeombwa nizungumze juu ya ruzuku kwa vikundi vidogo vya kujitolea. Kabla sijaingia katika mada, sina budi kuwashukuru kwa kuchagua siku. Mkutano huu mmeuweka katika siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, na ndiyo maana watu wamejaa. Naligusia jambo hili mapema kwa sababu limo ndani ya mada yenyewe. Nimepata kuona wageni wenye nia njema kabisa wakiitisha mkutano wa vikundi katika siku za giza, wakakuta viti vitupu, kisha wakaandika katika taarifa yao kwamba mwamko wa wananchi wa mwambao ni mdogo. Hapakuwa na upungufu wa mwamko. Watu walikuwa kazini usiku kucha, na mchana wamelala.

Neno ruzuku siku hizi linatumika ovyo, hata likachanganywa na mkopo. Yafaa tuvitenganishe viwili hivi tangu mwanzo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya mwaka 2018 iliagiza itengwe, asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini ni mkopo. Kikundi kinachopokea hakina budi kurejesha ili kingine nacho kipate. Mnakumbuka kwamba mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo, baada ya kudhihirika kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na nyingine zilikwenda kwa vikundi hewa. Mwaka 2024 ikaamuliwa utaratibu uanze upya, na halmashauri 10 zikateuliwa kuzipitisha fedha hizo benki kwa majaribio, Manispaa ya Kigoma Ujiji ikiwa mojawapo. Sina ugomvi na utaratibu huo. Mwenye kununua nyavu au mashine ya kukamulia mawese anaweza kukopa, kwa kuwa kazi yake italeta fedha ya kulipa.

Lakini yapo mambo ambayo hayakopeki. Kikundi kinachopanda miti katika miteremko hii iliyo nyuma yetu, ili mvua za masika zisishushe udongo na mawe juu ya nyumba, kitalipa deni kwa kitu gani? Je, wanaotunza chemchemi? Je, wale wanaowalea watoto wadogo pale mwaloni wakati mama zao wanaanika dagaa? Faida ya kazi hizo ni kubwa, ila haiingii mfukoni mwa aliyeifanya. Inaingia katika maisha ya kijiji kizima. Hapo ndipo ruzuku ilipo mahali pake, wala si aibu kuiomba.

Katika nchi yetu mlango wa ruzuku unaofahamika zaidi kwa asasi za kiraia ni Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, mwaka ule ule Bunge lilipotunga sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Imefanya kazi ya kuheshimika na imekwisha kufika mikoa mingi. Hata hivyo ni chombo cha taifa zima, na makao yake yako Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Kisha mtu ashuke Kibirizi, atafute mtumbwi wa injini, apite Gombe, Mwamgongo na Zashe ndipo aone Kagunga. Siwezi kumlaumu mtu aliye mbali kiasi hicho kwa kutaka karatasi nyingi. Asiyeweza kufika akaiona chemchemi kwa macho yake, atakuwa na njia gani nyingine ya kujua kama ipo?

Kwa hiyo tusiseme kwamba wafadhili ni watu wabaya. Jambo ninalotaka tulitazame ni umbali, na gharama ya umbali huo, ambayo sasa inabebwa na upande ulio mnyonge.

Nitawasimulia habari yangu mwenyewe, na kosa ninalolisimulia ni langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha mwambao huu. Palikuwa na kikundi cha kina mama wapatao 20 kilichokuwa kikitunza chemchemi. Walifyeka, walizuia mifugo, walipeana zamu. Walichohitaji ni saruji, bomba na wavu wa uzio, basi. Nikapata habari ya ruzuku, nikawaambia nitawasaidia, nao wakanichagua kuwa katibu kwa furaha kubwa. Fomu ilikuwa ya kurasa zaidi ya 30, na yote kwa Kiingereza. Niliijaza usiku kwa mwanga wa kandili, na nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Pale palipoulizwa juu ya mpango mkakati wa miaka mitano, nilitunga. Kina mama wale hawakuwa na mpango wa miaka mitano. Walikuwa na zamu ya wiki.

Jibu la kwanza likaja kwamba tulete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tulikuwa na daftari moja la shule lenye orodha ya michango. Tukaenda mjini, tukarudi. Tukaambiwa kuna sahihi moja iliyokosekana, tukaenda tena. Mweka hazina, ambaye hakujua kuogelea na aliliogopa ziwa, alisafiri mara nne. Ukijumlisha nauli, chakula na malazi ya watu watatu, kikundi kilikwisha kutumia sehemu nzuri ya fedha ambayo kilikuwa bado hakijapewa. Hatimaye fungu la kwanza likatoka, likatukuta katikati ya masika, na mifuko kadhaa ya saruji ikalowa mtumbwini. Hata hivyo chemchemi ilijengwa, na maji yalikuwa safi. Ningependa habari iishie hapo.

Mwaka uliofuata nikapata uhamisho. Nilifunga mizigo kwa haraka kama tufanyavyo sote, nikaaga, nikaondoka. Nilipofungua sanduku langu katika kituo kipya, nikakuta ndani yake daftari la stakabadhi la kikundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwapo, tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri, lakini lilikuwa kwangu, mwendo wa siku mbili. Taarifa ya matumizi haikuandikwa kwa wakati, kwa kuwa katika wale 20 hapakuwa na hata mmoja niliyemfundisha kuiandika. Fungu la pili, lililokuwa la bomba la kufikisha maji shuleni, halikutoka. Nililirudisha daftari kwa mkono wa dereva mmoja, nikaandika barua mbili za kuomba radhi, lakini muda ulikuwa umepita. Kina mama wale hawakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walidhani ndivyo mambo ya fedha za serikali na za wazungu yalivyo: huja na mwalimu, huondoka na mwalimu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nirudi hapa Kagunga, kwa sababu hapa tunao mfano mkubwa kuliko huo, na wengi mliomo ndani mliuona kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kutangazwa kugombea kipindi cha tatu, watu walianza kuvuka mpaka na kushuka katika ufuko huu. Kufikia katikati ya Mei makadirio yalikuwa zaidi ya watu 50,000, mahali penye mlima nyuma na maji mbele, pasipo na barabara ya kupitisha malori. Watu wale walikunywa maji ya ziwa na kujisaidia kando ya ziwa hilo hilo. Kipindupindu kikaingia. Katika wiki hizo, kwa hesabu zilizotolewa mwezi ule, walikufa watu 31 hapa Kagunga, mjini Kigoma na kambini. 29 kati yao walikuwa wakimbizi na wawili Watanzania.

Msaada mkubwa ulikuja, na usingeweza kuja kwa njia nyingine. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilikuwa ikichukua watu wapatao 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Nyarugusu. Hakuna kikundi cha kijiji chenye meli. Kusafirisha maelfu ya watu, kuleta dawa na waganga, hizo ni kazi za Serikali na za mashirika ya kimataifa.

Lakini mnajua wenyewe kwamba kati ya siku mtumbwi wa kwanza ulipotia nanga na siku msaada ulipokamilika, zilipita wiki. Katika wiki hizo waliokuwapo ni ninyi. Jembe lilikuwapo, mikono ilikuwapo, na watu waliojua ni wapi maji ya mlimani hushuka walikuwapo. Ambacho hakikuwapo ni fungu dogo la fedha ambalo kamati iliyo jirani ingeweza kuamua kulitoa jioni ile ile, kwa ajili ya klorini, ndoo, sabuni na mbao za kufunikia mashimo ya vyoo. Sisemi kwamba vifo vyote vingezuilika. Sina haki ya kusema hivyo. Nasema kwamba fedha ndogo iliyo karibu hufika kabla ya fedha kubwa iliyo mbali, na katika kipindupindu siku tatu ni muda mrefu.

Vivyo hivyo katika mambo yasiyo ya dharura. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kutoka tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana, vijana wengi wa mwambao walikaa bila kazi miezi mitatu. Kikundi cha upandaji miti chenye shilingi chache za kununulia chakula cha mchana kingeweza kuwaajiri vijana wale kuandaa vitalu na kuchimba mashimo kabla ya mvua. Tarehe za kufunga ziwa zilitangazwa mapema. Ni mfadhili gani wa mbali angeweza kuzipanga fedha zake zifuate kalenda ya samaki?

Jambo la kuwauliza watu kwanza, hapa kwetu si geni. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilipoanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, shabaha yake ilikuwa misitu na sokwe. Wanavijiji walipoulizwa mahitaji yao, walitaja afya, elimu na maji, na mradi ukalazimika kuanzia huko, pamoja na vitalu vya miti na mikopo midogo kwa kina mama. Ulidumu, kwa maoni yangu, kwa sababu ulikubali kusahihishwa na wenyeji. Lakini hata mradi mwema una mwenyewe aliye nje, na siku mwenyewe akibadili mpango, kijiji hakina kura.

Ndiyo maana napendekeza tufikirie mfuko wa jamii wa Kigoma yenyewe. Wazo hili lina historia. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mkuu wa benki mmoja, Frederick Goff, alitazama fedha alizokuwa akitunza kwa niaba ya marehemu. Aliona kwamba wosia nyingi zilitaja makusudio ambayo wakati ulikuwa umekwisha kuyapita, na fedha zimefungwa humo bila kumfaa mtu. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji, ambao kamati ya wananchi wa mji huo ndiyo ingeamua kila mwaka mahitaji ni yapi. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mfuko wao wa maendeleo ya jamii, unaojulikana kwa herufi KCDF, mwaka 1997. Huo huzihimiza jamii ziweke akiba yao wenyewe isiyoguswa, na kinachotolewa ni faida ya akiba hiyo.

Najua mtaniuliza, fedha itoke wapi, nasi ni watu wa kipato kidogo? Nami nitawauliza, kamati za harusi hupata wapi? Nimekaa katika kamati za harusi ambazo kwa wiki sita zilikusanya fedha ambayo ingejenga vyoo vya mwalo mzima. Na niseme kweli, mweka hazina wa harusi hutunza hesabu vizuri kuliko asasi nyingi zenye ofisi, kwa sababu anajua atasomewa hadharani, na shangazi wa bibi harusi yumo ukumbini. Wapo wafanyabiashara wa dagaa na wa mawese. Wapo wana wa Kigoma walioko Dar es Salaam na Mwanza, ambao huchangia misiba ya nyumbani bila kusukumwa. Mgeni akitaka kuongeza, karibu, lakini aongeze juu ya chetu, maana aliyetoa shilingi ya kwanza ndiye mwenye haki ya kuuliza imekwenda wapi. Mfuko kama huo unaweza kuwa na wadhamini waliosajiliwa kisheria, na fedha zake zikakaa benki.

Ruzuku zenyewe ziwe ndogo, tuseme shilingi milioni moja au mbili, na masharti yalingane na ukubwa wake. Hata Serikali imekwisha kutofautisha kikubwa na kidogo: kanuni za mwaka 2018 zilipoyataka mashirika yawasilishe mikataba ya fedha za wafadhili na kuzitangaza, ziliweka kiwango cha zaidi ya shilingi milioni 20. Kwa nini basi anayeomba milioni moja aandike kurasa 30? Ombi liwe la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Ushahidi uwe kazi iliyokwisha kufanyika kwa muda usiopungua mwaka mmoja: miche inayoonekana, chemchemi inayotunzwa, watoto wanaolelewa. Sharti hili litawakata wale ambao kikundi chao huzaliwa siku fomu zinapotoka na kufa siku hundi inapokwisha. Taarifa ya matumizi isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, na stakabadhi zibandikwe katika ubao wa matangazo, apite kila mtu azisome.

Sitaki kuwadanganya kwamba ukaribu hauna hatari. Aliye mbali hawezi kukujua. Aliye karibu anakujua mno. Kamati ya hapa itakuwa na mashemeji, wakwe na watu wanaodaiana. Atakuja mwanasiasa aseme mfuko ni wake. Atakuja tajiri aliyechangia fungu kubwa na kutaka kikundi cha mkewe kiwe cha kwanza. Dawa moja ninayoifahamu ni kwamba mjumbe asipige kura juu ya ombi la kijiji chake. Wa Ujiji waamue la Kagunga, na wa Kagunga waende wakaone la Ujiji. Dawa hii haiponyi kabisa. Ila wizi wa karibu una tofauti moja na wizi wa mbali, kwamba mwizi unakutana naye gengeni.

Sasa nazungumza na walimu wenzangu na maofisa. Vikundi hivi vitawajieni, kama vilivyonijia mimi, kwa sababu mnajua kuandika. Msikatae. Lakini msikubali kuwa makatibu, wala msikubali kuweka sahihi benki. Mtumishi wa Serikali ni mtu wa uhamisho, na kikundi hakihami. Kaa na wanachama wawili, mmoja kijana aliyemaliza shule, uwaonyeshe daftari lenye safu tatu, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na waandike wao, hata kama mwandiko ni mbaya na kazi ya jioni moja itachukua jioni sita. Afisa maendeleo asihesabu idadi ya vikundi alivyovisajili tu. Ahesabu ni vingapi vinaweza kusoma hesabu zao mbele ya watu bila yeye kuwapo.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya mbalamwezi ijayo ningeomba kamati ndogo ya watu watano ikutane ifanye jambo moja tu: iandike orodha ya vikundi vilivyoko hapa Kagunga vilivyokwisha kufanya kazi mwaka mzima bila kupewa fedha na mtu. Naamini ni vingi kuliko vilivyomo katika rejesta ya halmashauri. Orodha hiyo ikiwa tayari, nipo tayari kuja tena na mchango wangu wa kwanza, kutoka katika pensheni, tuanze kuhesabu.

Naishia hapa nipokee maswali. Naona mama mmoja kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja chemchemi. Naomba aanze yeye.